Beti ya Mwisho ya Muriel Tasker

Miguu ya Muriel Tasker haikuwahi kujua kazi ya kiti. Mamake, aliyekuwa akipasua samaki bandarini Grimsby mpaka vidole vinakufa ganzi, alikuwa akisema mtoto huyu alizaliwa amesimama. Ndivyo alivyokuwa akiwa na miaka saba, na ndivyo alivyokuwa Desemba ile, akiwa na sabini na moja: anakwenda na kurudi juu ya ukuta wa bahari wa Cleethorpes, jirani na Grimsby, upepo unakata masikio, midomo inamcheza. Mzee mmoja mwenye mbwa alimwamkia, "Habari za asubuhi, Nesi Hebden!" Hilo ndilo jina la nesi aliyemwigiza kwenye televisheni miaka mingi, na wengi hawakumjua kwa jingine. Mzee alidhani anasali.

Hakuwa anasali. Alikuwa anakipima kichwa chake, kama mtu anayeijaribu barafu ya bwawa kwa mguu mmoja kabla ya kuuweka wa pili.

Maana mwezi wa Oktoba, huko London, jukwaani, maneno yalimtoka kichwani. Ukumbi umejaa, taa zimemwakia usoni, akafungua mdomo akakuta mle ndani hamna mtu. Mwenzake alikuwa mwepesi, akamdakia sentensi, mchezo ukaenda, na magazeti ya kesho yake yakamsifu kama kawaida. Lakini yeye alijua. Na juma lile lile Lionel, wakala wake, akampigia simu sauti imejaa asali: anatakiwa acheze malkia mzee katika tamthilia mpya, jukwaa kubwa kabisa, na maneno karibu yote ni yake.

"Sema ndiyo, Muriel."

"Nitakwambia."

Akamwambia hivyo mpaka wenye tamthilia wakachoka. Wakaweka siku: Jumamosi kabla ya Krismasi, giza likiingia, wawe na jibu, au kazi iende kwa mwingine.

Siku hiyo hiyo Muriel alikuwa anafungua mchezo wa Krismasi kwao Grimsby, kwenye ukumbi mdogo wa Neptune. Aliuomba mwenyewe. Watu wa London walicheka: mama mwenye nishani ya ikulu anakwenda kuvaa mabawa ya karatasi mbele ya watoto wenye pipi mdomoni! Hakuwaeleza. Moyoni alishapatana na nafsi yake. Nikiyashika maneno ya watoto mwanzo mpaka mwisho, nitakwenda kuwa malkia. Nikiyaangusha, basi, navua viatu, natafuta kiti, naketi.

Na Neptune ndiko alikoanzia. Akiwa na miaka kumi na sita, baba yake akiwa mpishi kwenye meli za samaki za kaskazini, alipewa kibanda kando ya jukwaa, kitabu na kitaa, awanong'onezee waigizaji waliopotea. Mwaka ule alikuja mzee Aubrey Fane, jina kubwa, sauti kama kengele ya kanisa. Kila usiku Aubrey alipotea, na kila usiku msichana alimnong'oneza. Hakumwambia ahsante hata siku moja. Wenzake walimwigiza nyuma ya pazia, wanaweka mkono sikioni, wanayumba, wanacheka mpaka machozi. Muriel naye alicheka. Ndipo alipojiapia: mimi hakuna atakayeninong'oneza, mpaka nife.

Na kweli. Alikwenda London na sanduku moja. Akacheza miji midogo, kila juma tamthilia mpya, anajifunza moja asubuhi na kucheza nyingine usiku. Akawachezea askari wakati wa vita, kwenye mahema yaliyonuka mafuta ya taa. Akapata jina kwa nafasi ya mjane ambayo wenzake wawili waliikataa. Baadaye ikaja filamu, ikaja na zawadi yake, sanamu nzito aliyoiweka kuzuia mlango wa jikoni usijigonge. Ndoa mbili zilimpita hivi hivi, maana hakuna mume aliyemudu mke anayekunywa chai akitembea. Popote alipokwenda alikataa kunong'onezewa. Kibanda kile kikiwa na mtu, aliomba mtu huyo aende akapumzike.

Sasa huko Neptune kulikuwa na jambo ambalo hakulifikiria vizuri kabla ya kukubali.

Katika michezo ya Krismasi, beti ya mwisho haisemwi kwenye mazoezi. Ndiyo mila. Mwenye beti hiyo huifikia, akanyamaza, au akasema "na kadhalika na kadhalika", na watu wakaenda kunywa chai. Beti hutamkwa mara ya kwanza mbele ya watu waliokata tiketi. Mchezo usiokuwa na watazamaji haujakwisha, na anayeumaliza kabla ya siku yake anauzika. Muriel alikulia kwenye mji wa namna hiyo. Mamake hakufua nguo hata kitambaa siku ambayo meli ya mumewe inaondoka, asije akamfua naye akamzamisha baharini. Mambo haya hayakuhitaji kuelezwa.

Lakini safari hii mchezo ulikuwa wa binti wa mnara wa taa, Muriel akiwa Mama wa Bahari, roho njema, na beti ya mwisho ilikuwa yake. Maneno yote mengine aliweza kuyapima. Mistari hii miwili, hapana.

Siku moja mazoezini alimsogelea Olwen, mama wa Kiwelshi aliyesimamia mambo yote ya jukwaa, mnene, mpole, mwenye funguo kiunoni.

"Olwen mpenzi, niiseme mara moja tu. Polepole."

Olwen akamtazama kama mtu aliyeombwa achome kanisa. "Bi Muriel! Wewe? Wa kuniambia mimi hivyo?"

"Natania."

"Usitanie hivyo, mama. Ronnie akisikia atatapika."

Ronnie Pask ndiye aliyekuwa bibi wa mchezo, maana kwenye michezo ya Krismasi bibi huchezwa na mwanamume. Kidevu cha buluu, kifua cha mito miwili, soksi za mistari. Alisikia. "Mwache, Olwen. Watu wa London siku hizi hata mluzi wanapiga nyuma ya jukwaa, waite mkosi. Hawana wazazi."

Wakacheka. Muriel akacheka nao. Kesho yake alfajiri akaenda kwenye ukuta wa bahari, akageukia upepo, akaisema.

Taa imewaka tena, bahari imetulia,
Kwaherini waungwana, hadithi imeishia.

Upepo ukaichukua. Hakuna aliyesikia ila shakwe. Akajisikia mwepesi, akaisema tena. Akaisema akirudi, akaisema akisubiri samaki wake wa kukaanga, muuzaji akamuuliza, "Siki, mama?" naye akajibu, "Imetulia." Kila alipoiacha dakika chache, hofu ilimrudia: na sasa, bado ipo? Akaifungua kuitazama, kama mwenye pasipoti safarini anayejipapasa mfuko kila baada ya hatua. Ilikuwepo. Juma zima aliifungua na kuifunga.

Jumamosi mchana Neptune ilijaa mpaka vizingitini. Watoto wa shule, mabibi, wanaume wa bandarini waliooga mara mbili na bado wakanukia kazi yao. Edna Coy, mvishaji wake, ambaye walicheza pamoja mtaani wakiwa wadogo, alimfunga mabawa mgongoni.

"Simama basi, mwanamke. Nakufunga wewe au nafunga kuku?"

"Nimesimama."

"Umesimama wapi? Sakafu inalia." Edna akamgeuza, akamtazama machoni. "Una nini, shoga? Hii si Neptune tu? Hata ukijamba watapiga makofi."

"Saa ngapi giza linaingia, Edna?"

"Saa kumi, kama Desemba zote. Kwani unafuga popo?"

Akatoka jukwaani, na mambo yakaenda kama maji. Alikuwa na uwezo wake wote. Akanyoosha mkono, watoto wote wakanyamaza. Ronnie akarusha pipi, akaanguka, akainuka. Zimwi la Barafu likaingia kwa upande wa kushoto, likazomewa mpaka vumbi likadondoka darini. Zimwi likapanda mnarani, likazima taa. Hapo ndipo Muriel alipotakiwa atokeze gizani, aseme:

Taa imezimwa tena, bahari imechafuka,
Shikaneni waungwana, mpaka jua kuwaka.

Akatokeza. Akavuta pumzi. Akasema, "Taa ime...", na ulimi ukaondoka peke yake. Ulishazoea njia moja juma zima, na njia hiyo ndiyo uliyoifuata, kama punda wa muuza maziwa asiyejua kuwa leo ni sikukuu. Muriel alijisikia akisema, kwa sauti tamu, yenye nguvu, iliyofika mpaka viti vya nyuma kabisa:

"...waka tena, bahari imetulia, kwaherini waungwana, hadithi imeishia!"

Mtu wa pazia, huko juu kwenye kamba zake, alikuwa ameambiwa jambo moja tu: ukisikia "imeishia", teremsha. Akateremsha. Pazia likashuka mbele ya pua ya Zimwi. Bendi ikapiga wimbo wa kuagana. Wafungua milango wakafungua milango, baridi ikaingia, na mabibi wa mstari wa mbele wakaanza kuwavika wajukuu makoti huku wakisema, ama mchezo wa mwaka huu mfupi!

Nyuma ya pazia hakuna aliyesogea. Zimwi lilivua kofia. Wote walimtazama Muriel, na wote walijua. Beti isiyosemwa haitoki mdomoni laini namna ile. Ile ilikuwa imetumika.

"Umeifanyia mazoezi," akasema Olwen.

Muriel akatikisa kichwa kukubali.

Ronnie Pask akavuta sketi zake, akapita kati ya pazia akatokea mbele. Wakamsikia akinguruma: "Nyie! Mnakwenda wapi? Wewe bibi mwenye kofia ya kijani, kaa chini! Binti yangu hajaolewa, taa imezimwa, Zimwi liko hai, mwende nyumbani mkale nini?"

"Liko nyuma yako!" watoto wakapiga kelele.

"Haliko!"

"Liko!"

Akawaweka hapo, anawachezea kama mvuvi mwenye samaki mkubwa. Na Olwen, kwa upole wake wote, akamshika Muriel mkono, akampeleka kwenye mlango wa nyuma. "Unajua utaratibu, mama."

Alijua. Anayevunja mwiko hutolewa nje. Akatoka kwenye uchochoro wa mapipa ya samaki, na theluji ya majimaji inaanguka juu ya taji lake. Akazunguka mara tatu, mabawa yakigonga ukuta. Akatema mate. Akatukana tusi moja la bandarini alilofundishwa na baba yake. Mwanamume mmoja aliyekuwa akisukuma toroli alisimama, akavua kofia. "Pole, Nesi," akasema.

Muriel akagonga mlango. "Naomba kuingia."

"Nani?" Olwen akauliza, maana ndivyo inavyoulizwa.

"Mpumbavu."

"Ingia, mama. Tuna mchezo."

Wakaendelea. Hakukosea tena. Lakini mwisho ulisogea, na beti ile ilikuwa imeshatoka, na hakujua kama itakubali kutoka mara ya pili. Taa ikawashwa. Harusi ikafungwa. Wote wakapanga mstari, naye akasogea mbele peke yake.

"Taa imewaka tena..."

Kichwani, chumba kile kile cha Oktoba, kitupu, dirisha wazi. Akasikia Olwen, kando, akivuta pumzi ya kunong'oneza. Na mkono wa Muriel, kwa mazoea ya miaka hamsini, ukainuka kidogo kumzuia.

Kabla Olwen hajasema, sauti nyembamba ya kike, mstari wa tatu, mtoto mwenye pengo, ikasema, "Bahari imetulia!" Alikuwa ameshaisikia. Wote walikuwa wameisikia. Mwingine akadakia, kisha mstari mzima, kisha mabibi, kisha wanaume wa bandarini na sauti zao za chumvi, ukumbi mzima ukamwambia Muriel Tasker maneno yake: "Kwaherini waungwana..."

Mkono wake ukashuka. Neno la mwisho akalisema pamoja nao. Mtu wa pazia alisita, akachungulia, akateremsha.

Chumbani Edna alimfungua mabawa. Akasema, "Mara ya kwanza hukusahau, shoga. Ulikuwa nayo ikakuzidi."

"Na ya pili?"

"Ya pili ulisahau." Edna akamkabidhi kikombe cha chai. "Wakakwambia. Ulikufa?"

Muriel akakinywa akitembea, mlangoni na dirishani, dirishani na mlangoni. Nje giza lilikuwa linaanza kuingia uchochoroni. Alimfikiria Aubrey Fane, mkono wake sikioni, na akaona kwa mara ya kwanza kwamba mzee yule, kila usiku, alijua atapotea, na kila usiku alitoka.

Simu ilikuwa ukutani karibu na mlango wa nyuma. Ronnie alikuwa hapo, bado amevaa soksi zake, anakula chipsi kwenye gazeti.

"Lionel? Mimi. Waambie ndiyo." Akamsikiliza. "Ngoja, acha kushangilia. Waambie na kile kibanda cha kando kiwe na mtu. Kila usiku. Mwenye sauti nzuri, asiyeogopa kuniingilia." Akasikiliza tena, mguu unagonga sakafu. "Ndiyo, mimi. Umesikia vizuri. Na jina lake liandikwe kwenye tangazo."

Akakata simu. Ronnie akamsogezea chipsi.

"Kaa basi, bibi wee, ule."

"Nipe nikiwa nakwenda," akasema Muriel, akachota kiganja kizima, akatoka.