Hewa ya Jumapili

Hartmut Brinkmann alikuwa seremala kwa miaka arobaini, na mikono yake ikailipia kazi hiyo. Baridi yabisi ilimpinda vidole hata nyundo ikawa haishikiki. Siku moja nilimwona ng'ambo ya ua akihangaika na msumari mmoja asubuhi nzima. Sikwenda kumsaidia. Hapa kijijini tunasalimiana juu ya ua, basi.

Mkewe, Irmgard, alikuwa hospitalini katika mji wa Celle, hapa kwetu Ujerumani, na ugonjwa usio na dawa. Aliomba jambo moja tu, afie nyumbani. Madaktari wakakubali aletwe Jumatatu kwa kiti cha magurudumu, mradi pale kwenye ngazi za mlango pawe na njia ya mteremko. Ndipo Hartmut akanunua kompresa, mashine ya kushindilia hewa, akaifunga gerejini, akavuta mpira wa kupitishia hewa hadi kwenye mashine ya kupigia misumari. Ile unaibonyeza kwa kidole kimoja tu.

Lo, ilivyonguruma! Nami kwa ukali wangu nikatia karatasi kwenye sanduku lake la barua: kwa sheria, saa saba hadi saa tisa mchana ni utulivu, na Jumapili ni siku nzima. Anajenga nini, na kwa nini, sikuuliza.

Alhamisi akaniita uani.

"Mama Lüders, unisamehe kwa kelele. Jumapili hutaisikia."

"Utaiziba mdomo?"

"Nimepata tangi kubwa la hewa, la shambani. Jumamosi nalijaza hewa, Jumapili najifungia gerejini napiga misumari, kompresa imezimwa."

"Tangi lenyewe zima?"

"Rika moja na ndoa yangu," akacheka. "Na ndoa yangu haijavuja."

Ningemwambia, piga kelele zako, jirani. Nikasema, "Haya, vizuri."

Hewa ikishindiliwa hutoa maji, na tangi lile halikuwahi kumwagwa maji yake. Nje lilipakwa rangi ya kijani, linapendeza. Ndani kutu ilikuwa imelila likabaki ganda. Jumamosi jioni, akiwa bado analijaza, lilipasuka. Madirisha yangu matatu yalivunjika. Nilikuwa wa kwanza kufika gerejini, na hakukuwa na wa kuokoa.

Mteremko ulikuwa umebakiza mbao sita. Jumapili saa nane mchana nilichukua nyundo ya marehemu mume wangu, nikazigongomea, kijiji kizima kikisikia. Mapazia yalisogea. Hakuna aliyekuja kunikanya, nami nilitamani mtu aje.

Jumatatu Irmgard aliletwa, ameshaambiwa kifo cha mumewe, nami nikakisukuma kiti chake. Katikati ya mteremko akaomba nisimame. Aliinama akitazama misumari iliyopinda.

"Hii kapiga nani?"

"Mimi."

"Lini?"

"Jana."

Akapitisha kidole juu ya msumari mmoja.

"Hartmut alinipigia simu siku ile ya karatasi yako. Nikamwambia, nenda kamgongee mlango umweleze, naye ni binadamu. Akasema hataki kukusumbua."

Nilikisukuma kiti hadi ndani, nikafunga mlango polepole.