Kanuni ya Kumi na Saba

Ofisini walimwita Mama Vikapu, na aliyempachika jina hilo alidhani anamkejeli. Yeye alilipokea kama cheo. Kazi yake ilikuwa kuitunza programu inayoamua nani apewe chumba gani katika nyumba za halmashauri, na kila alipotaka kukueleza jambo alikuchorea vikapu: hiki cha namba, hiki cha maneno, hiki cha tarehe. Mumewe alisema hata nyumbani huwezi kumwambia "nipe kile kitu" ukapewa. Atakuuliza kitu cha aina gani, mpaka chai ipoe.

Mimi nilikaa dirishani. Nilipokea fomu, nikaziingiza kwenye kompyuta, jibu likitoka nikapiga mhuri. Kwa wagonjwa walioomba chumba cha chini, mhuri ulikuwa mmoja tu: HAPANA. Miaka minne nilipiga huo huo, na sikujiuliza hata siku moja. Leo nikikumbuka najichukia.

Mmoja wao alikuwa shangazi yangu, fundi cherehani mstaafu, magoti yamekwisha, anakaa ghorofa ya nne. Aliomba mara saba. Mara ya tatu, kwa kukosa la kumwambia, nilisema, "Labda ni mwandiko, shangazi. Jaribu kuandika vizuri zaidi." Fomu zilizofuata zilikuja safi, herufi zimesimama mstarini. Nikazigonga mhuri uleule.

Asubuhi moja Mama Vikapu alikuja dirishani amefura. Alikuwa ameandika programu ya pili, ya kuikagua ile ya kwanza bila kuiendesha. Mkaguzi huyo hakuhitaji fomu wala jina la mtu. Alisoma kanuni tu, moja baada ya nyingine, na kwa kila nafasi akauliza: hapa panaweza kuingia kitu cha aina gani?

"Wewe ukiingiza cheti cha daktari, unaandika nini?" aliniuliza, huku akichora mgongoni mwa fomu.

"Namba ya cheti."

"Namba. Haya. Kanuni ya kumi na saba, ya wagonjwa, inataka palepale pawe na neno 'ndiyo'. Niambie, ni kitu gani kilicho namba na hapohapo ni neno 'ndiyo'?"

"Hakuna."

"Basi kikapu kitupu. Hata mtu aje amebebwa kwenye machela, kanuni hii haimpokei."

"Mbona kompyuta haikulalamika?"

"Ndilo linaloniudhi! Programu ya kanuni namna hii isipopata kinacholingana haipigi kelele. Inasema hapana, basi. Na hiyo 'hapana' nyinyi mmeizoea."

Tulikwenda kwa bosi. Alimsikiliza huku akisaini barua nyingine.

"Hiyo programu haijawahi kukwama hata siku moja," alisema.

"Itakwamaje, mzee, na haijawahi kumpokea mgonjwa?"

Bosi akanigeukia mimi. "Nasikia una shangazi kati ya hao wagonjwa. Mnampigia debe?"

Nilitaka ardhi inimeze. Mama Vikapu hakutetereka. "Mkaguzi wangu hajui shangazi wa mtu. Hajaona jina hata moja. Naomba funguo za vyumba vya chini."

Vilikuwa kumi na kimoja, vimetengewa wagonjwa. Kila mwaka ripoti ya ofisi iliandika: hakuna mwombaji anayestahili. Tulifungua cha kwanza, bosi akitufuata nyuma, tukakuta viti vibovu na makopo ya rangi yaliyokauka. Cha pili, vilevile. Watu wanapanda ngazi kwa kushikilia ukuta, na viti vilivyovunjika miguu vimepewa vyumba vya chini! Mama Vikapu alilipiga teke kopo moja likabingirika hadi kwenye viatu vya bosi.

"Kutenda kosa si kosa," bosi alinong'ona.

"Kosa ni kurudia kosa. Tumerudia miaka minne."

Kurekebisha kulichukua mstari mmoja. Tulizipitisha fomu zote za zamani upya, wakatoka tisa wanaostahili, shangazi akiwemo. Bosi akaandaa barua: "Ombi lako limefikiriwa upya." Mama Vikapu aliisoma, akaichana, akaandika yake: "Fomu yako haikuwa na kosa tangu siku ya kwanza. Kosa lilikuwa letu." Bosi akakataa kuisaini. Mama Vikapu akaisaini mwenyewe, akanisogezea mhuri, nami nikaugonga kwa nguvu ambazo sikujua ninazo.

Barua ya shangazi niliipeleka mwenyewe. Ghorofa ya nne nilifika nikihema, na magoti yangu ni mazima. Aliisoma taratibu, akairudia.

"Kwa hiyo mwandiko wangu ulikuwa sawa?"

"Ulikuwa sawa, shangazi. Tangu mwanzo."

Hakunikaripia, na afadhali angenikaripia. Alivuta droo ya cherehani akatoa madaftari manne ya shule, akayaweka mbele yangu. Nilifungua la juu. Ukurasa mzima, mstari kwa mstari, alikuwa ameandika jina lake.