Picha ya Kiwiko Kizima

Hospitali nzima walimwita Bi Ubishi, naye akaitika bila kinyongo. Miaka ishirini na sita alikuwa akipiga eksirei katika chumba kile kile chenye mlango mzito, na kila alipoitilia shaka picha ya mtoto aliyeumia mkono, aliupiga na ule mkono mzima, alinganishe. Mkubwa wa idara alikuwa ameipiga marufuku picha hiyo ya pili. Mtoto asipigwe mionzi bure, alisema, na siku hizi kuna programu ya simu ya kusoma eksirei. Hoja ya mionzi haikuwa ya kipuuzi, na Bi Ubishi aliijua kuliko yeye. Hiyo ya simu ndiyo iliyomkaa kooni.

Asubuhi moja msusi mmoja akamleta bintiye wa miaka saba aliyeanguka kwenye ngazi, kiwiko kimevimba, hataki kuguswa. Daktari kijana akaielekeza simu kwenye picha. Ikafikiri kidogo, ikaandika kwa rangi ya kijani: hakuna mvunjiko.

"Dada, nendeni tu nyumbani. Dawa ya maumivu inatosha."

"Hawaendi popote," akasema Bi Ubishi, akauegemea mlango. "Hiki kifupa hapa katikati ya kiungo umekiona?"

"Programu imekiona, inasema ni cha kawaida. Imesoma picha laki moja, mama."

"Za nani? Mtoto si mtu mzima aliyefuliwa akanywea, mwanangu. Mifupa yake inatokea kwa zamu, na cha hapa kwa miaka saba bado. Sasa hiki kimetoka wapi?"

Daktari akaisogelea picha. Msusi akauliza, "Na tukienda nyumbani?"

"Kama kimenasa humo, kiwiko kitakakamaa. Hataukunja mkono huu maisha yake yote."

"Mkubwa amekataza picha ya pili," daktari akakumbusha kwa unyonge.

"Basi na aje anifukuze. Atanikuta kazini."

Akamfunika mtoto kwa aproni nzito ya risasi ya kuzuia mionzi, akambembeleza, akaupiga mkono mzima. Wakaziweka picha mbili sambamba. Kwenye mkono mzima, kifupa kilikaa ubavuni mwa kiwiko, mahali pake. Kwenye mkono unaouma, ubavuni palikuwa patupu: kilikuwa kimeng'oka, kikanasa ndani ya kiungo. Daktari akaitia simu mfukoni, akaenda mbio kuwaita wapasuaji.

Barua ya mkubwa ilimfikia wiki sita baadaye, ikimtaka aeleze kwa maandishi kwa nini alikaidi amri. Aliisoma mara mbili na hasira zikampanda, maana kurasa mbili nzima hazikuuliza hali ya mtoto. Siku hiyo hiyo msusi alikuwa amemleta bintiye kuangaliwa baada ya upasuaji. Mtoto akakunja mkono mbele yake mpaka akajigusa bega, akacheka.

Bi Ubishi akachukua kalamu, akajibu:

"Nilipiga picha mbili. Mtoto anakunja mkono. Nitapiga tena."