Kadi Yenye Jina la Marehemu

Kwa miaka hamsini na miwili Esperance Niyomwungere hakuivunja kanuni hii: hakai mahali ambapo mtu aliye hai anasema kwa jina la mtu aliyekufa. Aliirithi kwa baba yake, Tharsisi, katekista, ambaye naye aliipata kwa aibu. Mama yake Tharsisi alikuwa mtu wa kubandwa, yaani wa kupandwa na mizimu. Siku yake ilipofika alivaa ngozi na shanga, akabadili sauti, akasema, "Mimi ni Kiranga," jina la shujaa wa kale aliyekufa na kuabudiwa Burundi, na majirani waliomwita kwa jina lake asubuhi walimpigia magoti jioni, wakamwomba watoto na mvua. Saa hiyo ukimwita kwa jina la nyumbani hakugeuka. Alipofariki, Tharsisi aliichoma ile ngozi. Tangu hapo, nyumbani kwao Rungwe Mpya, hata mtoto aliyeigiza kikohozi cha babu aliyezikwa alichapwa.

Watu wengi husifiwa kwa kushika kanuni ambazo hakuna aliyewahi kuzijaribu. Ya Esperance ilijaribiwa, tena mbali sana na Kasulu.

Esperance anasuka vikapu. Kila akionacho hukigeuza chini juu aone kilivyofungwa. Sokoni Kasulu wauzaji wanamjua. "Mama, nunua au kiache," humwambia, "hicho si mgonjwa, usimpime." Yeye hucheka na kuendelea kupima. Wazazi wake walivuka mpaka kutoka Burundi kwa njia ya Mabamba akiwa mgongoni, na kwa mama yake alijifunza kuzungusha nyasi na kuzishona kwa ukindu, duara juu ya duara, mpaka kikapu kisimame chenyewe.

Mwaka juzi makumbusho moja ya mashariki mwa Marekani yalitafuta wasukaji wa kigeni kwa maonyesho ya kazi za mikono. Kikundi cha Esperance kina wanawake kumi na wawili, nao walimchagua yeye aende na vikapu arobaini vya wote. Maneno ya waalikaji yalikuwa wazi: maonyesho yakienda vizuri, makumbusho yatachukua vikapu vya kikundi kila mwaka, na kila mwaka msukaji mmoja atakwenda. Wa pili alikwisha kutajwa. Alikuwa Nadège, katibu wao, binti wa miaka ishirini na sita mwenye mkono mwepesi kuliko wote.

"Shangazi," Nadège alimwambia siku ya kufunga mizigo, "huko usiende kubishana na watu."

"Mimi sibishani. Nauliza."

"Ndiko kubishana kwako huko."

Huko alipokewa na Claude, kijana Mkongo aliyekulia kambi ya Nyarugusu na kuhamishiwa Marekani miaka saba iliyopita. Makumbusho yalimwajiri awe mkalimani. Asubuhi ya kwanza alimtembeza Esperance, na Esperance hakujua aanze kutazama wapi. Makumbusho yenyewe yalikuwa kijiji kizima cha zamani. Nyumba za mbao zilihamishwa moja moja kutoka huku na huko, zikapangwa kando ya barabara ya vumbi. Ng'ombe wawili walivuta mkokoteni. Mhunzi alifua misumari. Mwanamke mwenye kofia nyeupe ya kitambaa alisukasuka maziwa kwenye pipa jembamba, na Esperance akaomba apokee kile kijiti, akapima uzito wake, akasema kwao wanatikisa kibuyu na siagi inatoka upesi zaidi.

"Hapa nani analala?" aliuliza.

"Hakuna mutu analala humu, mama. Saa kumi na moja banafunga, kila mutu anaenda kwake na gari."

Katika ukumbi wa maonyesho alisimama muda mrefu mbele ya blanketi lililoshonwa kwa vipande vya nguo kuukuu. Alitaka kujua kila kipande kilitoka kwenye shati la nani. Claude alisoma maelezo ukutani, akasema hayo hayakuandikwa. "Basi wameacha kitu kikubwa," alisema Esperance.

Nyumba ya nne ilikuwa ya msukaji. Mama mmoja wa makamo, naye mwenye kofia nyeupe, aliketi kando ya moto akiwa na gogo. Alilipiga kwa nyundo ya mti, pigo baada ya pigo, mpaka gogo likaanza kujivua lenyewe, utepe mrefu mwembamba ukainuka. Kwa tepe hizo alisuka kikapu. Esperance aliketi bila kukaribishwa. Mti unaopigwa mpaka unatoa nyuzi hakuwa ameuona maishani.

Aliuliza kama mume wa mama yule ndiye hukata magogo. Mama alitua nyundo, akajibu kwa huzuni.

"Anasema bwana yake alienda vita tangu mavuno," Claude alitafsiri. "Mpaka leo hajapata barua."

"Pole, mwenzangu," alisema Esperance, akamshika mkono. "Hivi vita viko upande gani?"

Claude akacheka. "Mama, vita ile iliisha zaidi ya miaka mia mbili. Huyo bwana alikufa. Na muke yake, Ruth, alikufa pia. Huyu ni Karen, anasema tu kama Ruth."

Esperance aliuachia ule mkono, akatoka nje. Alivuka barabara, akapita ng'ombe, akasimama ugani. Claude alimkuta huko.

"Mama unakimbia nini? Ile iko teatre, muchezo tu."

"Nyumba ni ya marehemu, nguo ni za marehemu, na anasema 'mimi'. Kwetu jambo hilo lina jina lake."

"Hapa ni kazi. Analipwa mushahara."

"Hata wale wa kubandwa walilipwa kwa mbuzi."

Mwoga angebaki ugani wiki mbili akijisifu kwa uchaji. Esperance alikuwa na kanuni, lakini alikuwa na macho pia, na kuhukumu asichokipima hakukuwa desturi yake. Kesho yake alisimama kwenye mlango wa nyumba ile wakati mama yule yuko katikati ya hadithi ya mumewe, watu wameizunguka meza. Akaita kwa sauti, "Karen."

Mama yule aligeuka mara moja, akatabasamu, akampungia mkono.

Alirudi saa ya kufunga. Alimwona akivua kofia na kuitia kwenye boksi la plastiki, akamtazama akila mkate na kumpigia simu binti yake. Kupitia Claude alimuuliza maswali, mfululizo, kama daktari. Je, kuna aliyemwingia? Hakuna. Yale maneno aliyapata wapi? Kwenye barua ambazo Ruth mwenyewe aliziandika, zimehifadhiwa kabatini. Je, watu humwomba kitu?

Karen alifikiri. "Huniuliza choo kiko wapi," alisema.

Esperance alicheka mpaka akashika ukuta. Asiyegeuka akiitwa, anayepigiwa magoti, huyo ni kitu kingine. Huyu alikuwa msomaji wa barua aliyevaa kofia. Tangu siku ile aliketi naye kila asubuhi, akapiga gogo mpaka mikono ikaota malengelenge, akajifunza kwamba kila utepe ni mwaka mmoja wa maisha ya mti, mnene wa mwaka wa mvua na mwembamba wa mwaka wa ukame. Karen naye alijaribu kushona duara la nyasi, likaenda upande kama kofia ya mlevi.

Siku moja kabla ya ufunguzi, msimamizi wa maonyesho, mwanamke mrefu mwenye adabu, alimletea Esperance vazi na kadi. Vazi lilikuwa ngozi iliyopambwa kwa shanga. Kadi ilikuwa na jina la kike la Kiha na mwaka wa 1890. Wageni wakija, Esperance aseme kwamba yeye ndiye mwanamke huyo, na Claude atafsiri.

"Jina hili mmelitoa wapi?" aliuliza Esperance.

Katika kitabu cha zamani, alijibiwa. Mwanamke huyo aliwahi kuishi kweli.

"Basi ana wajukuu." Aliirudisha kadi. "Mimi nitavaa kitenge changu. Nitasema naitwa Esperance, natoka Rungwe Mpya, kikapu hiki nimekisuka mwezi wa nne."

Msimamizi alieleza kwa upole kwamba wageni huja kuona zamani. Claude alimvuta pembeni.

"Mama, Karen ulimukubalia. Sasa wewe unakataa nini?"

"Karen hana bibi aliyepigiwa magoti. Nikivaa ngozi hii na kusema 'mimi ni fulani', picha itafika kwetu kwa simu kabla sijarudi. Mzee atakayeiona hatasema teatre."

"Na bale bamama kumi na moja? Ulibaambia?"

Esperance aliinua lile vazi, akamrudishia msimamizi. Simu ilikuwa mkobani mwake, na Kasulu kulikuwa jioni, watu wako macho. Hakupiga.

Hapo ndipo ninapomlaumu, ingawa kwa ngozi na kadi naona alifanya haki. Dhamiri yake ilikuwa yake, lakini vikapu vilikuwa vya watu kumi na wawili. Mtu anayeamua kutoa sadaka anunue mbuzi wake, asifungue zizi la jirani. Angepiga simu, huenda wangemwambia akatae. Huenda wangemwambia avae. Hakutaka kusikia, kwa hiyo hakuuliza, yeye ambaye maisha yake yote aliuliza kila kitu.

Meza yake ilihamishiwa mwisho wa korido, karibu na mlango wa stoo. Wachache waliofika huko walimsikiliza vizuri, na Karen alikuja kila mchana na kofia yake kuketi naye. Lakini wageni wengi waliishia ukumbini.

Aliporudi Rungwe Mpya aliwaeleza wenzake yote bila kuficha, hata lile la simu. Wengine walisema amefanya vyema. Nadège alisikiliza hadi mwisho.

"Shangazi, mimi ungeniuliza ningekwambia ukatae," alisema. "Lakini hukuniuliza."

Mwezi wa pili tangu arudi ilifika barua ya makumbusho, fupi na ya heshima. Walishukuru. Mwaka uliofuata walimwalika msukaji wa nchi nyingine.

Gharama yake ni hii. Vikapu thelathini na vitatu kati ya arobaini vilirudi. Kikundi kilikosa mnunuzi wa kila mwaka na hakijapata mwingine. Nadège hakwenda Marekani, akaacha kusuka, sasa anauza vocha Kibondo, na akikutana na Esperance humwamkia kama mtu yeyote mzima, bila kumwita shangazi.