Kuku Aliyekuwa Mjukuu wa Dinosaria

Manyoya ya kuku yakimwagiwa maji ya moto hutoa harufu nzito, ya mvuke na vumbi lililolowa. Mpaka leo nikiisikia narudi Kinama, kwenye ua wa bibi yangu, wakati ule mama alipokuwa akichuuza vitenge Kigoma, ng'ambo ya mpaka, na mimi nikabaki na bibi, ambaye kwa maneno alikuwa bahili kweli kweli.

Watoto wa jirani walikuwa na ndugu wa kugombana nao. Mimi nilikuwa na kuku mmoja wa rangi ya kahawia. Nilikuwa mpweke, nisiwafiche.

Siku moja mwalimu alitufundisha kwamba dinosaria hawakuisha wote. Baadhi yao walikuwa na manyoya hata kabla ya kujua kuruka, na ndege wa leo ni uzao wao. Nilikimbia nyumbani nikamkagua kuku wetu: magamba miguuni, kucha zilizopinda, na lile jicho lisilo na haya. Nikachuchumaa nikampa habari za ukoo wake. Nilimwambia wakubwa wake wamekwenda, yeye amebaki, na kubaki si kosa lake. Nadhani nilikuwa najiliwaza mwenyewe.

Kisha mama akaja na boti ya mizigo, bila taarifa. Furaha yangu haikudumu, maana kabla hajakaa vizuri bibi aliagiza kuku akamatwe.

"Apana, Bibi!" nililia. "Uyu ni mutoto ya dinosaria! Mwalimu alisema!"

"Dinosaria ao apana, ni kuku," bibi akajibu. "Mugeni tunamuchinjia."

Mama akacheka. "Kwani mi ni mugeni hapa?"

Bibi hakumjibu. Aliomba kisu.

Mezani mama alinipa firigisi, kipande cha heshima, nikashindwa kuimeza. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama hakulifikia jembe. Alirudi bandarini, akavuka tena kwenda Kigoma.

Ukubwani ndipo nilipoelewa kimya cha bibi. Mtu wa nyumbani hula maharagwe yaliyopo jikoni, hakuna anayehangaika kumchinjia. Bibi alikuwa ameshajua kwamba binti yake hatarudi kuishi nasi, na hakuwa na maneno ya kuniambia, ila kisu kile. Nami siku ile nzima nilikuwa nikimlilia kuku.