Bibi Mifugo Aliyeogopa Mikutano

Siku yangu ya kwanza kazini, Afisa Mifugo wa Wilaya alinishusha kwenye gari pale Yaeda Chini, mimi na begi langu na kisanduku cha dawa, akaniongoza moja kwa moja kwenye mkutano wa kijiji uliokuwa ukitusubiri. Nilikuwa nimetoka chuo cha mifugo karibuni tu. Kwetu ni Masieda, kwa wakulima, ambako nililelewa kujua kwamba wazee wakizungumza, mtoto wa kike huleta maji ya kunawa na kuondoka zake.

"Huyu ndiye bibi mifugo wenu," afisa akawaambia wafugaji. "Atawaeleza habari za josho."

Nikasimama. Maneno yote ya josho niliyofundishwa chuoni yakanitoka.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba," wakaitikia wote.

Nikakaa.

Mwenyekiti wa kijiji, mfugaji wa Kibarabaig mwenye maneno ya taratibu, akakohoa kidogo. "Amesalimia vizuri," akasema. "Mtaalamu aliyemtangulia hakutusalimia kabisa." Watu wakacheka, na habari za josho akazieleza afisa mwenyewe.

Kwa ninyi mlioikuta kazi hii ina simu na pikipiki, josho ni mfereji wa saruji uliojaa maji ya dawa. Ng'ombe huogelea ndani yake kutoka upande huu hadi ule, na kupe hufa. Zamani dawa ilitoka serikalini. Nilipoanza kazi soko huria lilikuwa limefika hadi kwetu: ruzuku imeondolewa, dawa inauzwa madukani, na wafugaji wanatakiwa waunde kamati na kuendesha josho wenyewe. Kwa hiyo kazi yangu kubwa haikuwa sindano. Ilikuwa kusema mbele za watu, jambo lile lile nililoliogopa kuliko fahali mkali.

Nikatafuta njia ya kuukwepa mkutano. Nilitembea boma kwa boma, nikikaa zizini na wenye ng'ombe, tukiongea mpaka jua linakuwa kali. Huko sikutetemeka hata kidogo. Nilijifunza Kibarabaig, lugha yao, humo humo mazizini, kwa kuuliza hili linaitwaje na lile linaitwaje. Jambo moja lilinishangaza. Mzee yule yule niliyecheka naye asubuhi akichunguza kwato za ndama wake, mchana akikaa mkutanoni na wenzake nilimwogopa kama hakimu. Nikawa najiuliza kilichobadilika ni nini, yeye au mimi.

Afisa wa Wilaya hakuwa na subira na maswali ya namna hiyo. "Unataka kuongea na ng'ombe mmoja mmoja mpaka ustaafu?" aliniuliza siku moja ofisini. Kesho yake nikaendelea kutembea.

Mkoa wa Manyara ulipoanzishwa, nilikuwa nimehamishiwa wilaya ya Hanang, eneo la Masakta. Makao ya mkoa yakawa Babati, na wakubwa tuliozoea kuwasikia tu kutoka Arusha wakaanza kufika hadi vijijini. Ndipo ng'ombe wakaanza kukohoa.

Niliitwa na mjane mmoja, Mama Udawida, ambaye fahali wake alikuwa amekufa. Tukaupasua mzoga. Mapafu yalikuwa yamegandamana na mbavu, na kifuani kumejaa maji ya manjano. Ilikuwa homa ya mapafu, ugonjwa unaopita kwa pumzi kutoka ng'ombe hadi ng'ombe. Nikatoa taarifa siku hiyo hiyo, na Afisa Mifugo wa Mkoa akaja mwenyewe kuitisha mkutano.

Alizungumza kwa Kiswahili cha ofisini. Alisema kutakuwa na karantini, yaani hakuna mfugo kutoka wala kuingia, na ng'ombe wote watachanjwa. Kadiri alivyoeleza, ndivyo watu walivyozidi kuinamisha vichwa. Kisha mzee mmoja akasimama na fimbo yake.

"Kupe mlituachia, mkasema ni wetu," alisema. "Hiki kikohozi mnakitaka cha nini?"

Minong'ono ikapanda. Mwingine akasema chanjo ndiyo itakayowadhoofisha ng'ombe, ili wafugaji walazimike kuwauza kwa bei ya kutupa. Vijana nyuma wakaanza kuondoka, na nilijua wanakokwenda: kuhamisha mifugo kabla njia hazijafungwa, na ugonjwa uende nayo.

Afisa wa Mkoa akajifuta jasho, akaniinamia. "Hawa ni watu wako. Sema nao."

Nikasimama na uoga wangu ule ule. Hotuba sikuwa nayo. Nilitazama huku na huku, macho yakamkuta Mama Udawida, na nikakumbuka kitu ambacho kweli nilitaka kukijua na sikuwahi kumuuliza.

"Mama," nikasema kwa Kibarabaig, "yule fahali, kabla hajakohoa, ulimwonaje?"

Alifikiri. "Alikuwa anabaki nyuma," akasema. "Wenzake wakienda majini, yeye anasimama, viwiko ameviweka nje, shingo ameinyoosha."

"Hivyo?" Nikanyoosha shingo yangu kama ng'ombe, mbele ya Afisa wa Mkoa na kila mtu.

"Hivyo hivyo!"

Mtu mmoja akasema, "Wangu anasimama hivyo tangu juzi." Nikamgeukia. Anakula? Anakula kidogo. Amelala zizi moja na ng'ombe wa nani? Akamtaja jirani yake, na jirani akanyanyuka kubisha, kisha katikati ya kubisha akakumbuka kwamba wake naye anabaki nyuma. Wale vijana wakarudi kusikiliza. Afisa wa Mkoa alikuwa amemwinamia mwenyekiti wa kijiji hicho amtafsirie. Mwishowe yule mzee wa fimbo ndiye aliyeuliza, "Sasa mazizi ya nani yanaanza kuchanjwa?"

Si wote waliokubali. Wapo waliohama kabla hapajapambazuka, na wapo waliochanja wakapoteza ng'ombe hata hivyo, kwa kuwa ugonjwa ulishaingia. Lakini mazizi mengi yalisalimika.

"Wewe hukuhutubia," Afisa wa Mkoa aliniambia tukirudi Katesh, makao ya wilaya.

"Hapana. Nilikuwa nauliza."

"Na uoga?"

Nilijichunguza. "Nilipotaka kujua, niliusahau," nikasema. "Sasa hivi umerudi." Akacheka mpaka akapunguza mwendo wa gari.

Nimestaafu, niko Masieda na ng'ombe wangu wawili. Vijana wa fani hii huniuliza uoga unaisha lini. Wangu haujaisha, na bado natamani kujua unakaa wapi wakati haupo. Jumapili iliyopita mchungaji aliniita mbele niwaeleze waumini habari za mradi wa maji, na uoga ukarudi. Nikamtafuta mtu ambaye jibu lake silijui. Nikamuuliza mama mmoja wa bondeni kama bomba linafika kwake. Akajibu, jirani yake akambishia, wengine wakaingilia, na mimi nikabaki nimesimama mbele ya kanisa, nasikiliza.