Shamba la Mama wa Mpima Mvua

Siku yangu ya kwanza kazini, pale bomani Njombe, Bwana Mkaguzi wa Hali ya Hewa alinikabidhi chupa ya maji ya mvua akaniambia nisitetemeke. Nilitetemeka. Baridi ya Njombe mnaijua, lakini yangu ilikuwa hofu tupu. Enzi hizo za Mwingereza, mvua iliyonaswa na kipima mvua, yaani mtungi wa shaba uliofukiwa nusu ardhini, ilimiminwa kwenye bilauri nyembamba yenye mistari, ukasoma ilipofika. Ukiimwaga, mvua ya siku hiyo imepotea.

"Sisi tunapima," alisema Bwana Mkaguzi. "Hatutabiri. Mpima mvua anayetabiri hana kazi. Umesikia?"

"Nimesikia, Bwana."

Nilisikia mimi, kijiji hakikusikia. Kwetu bondeni watu waliamua kwamba anayeishika mvua mkononi hawezi kukosa kujua itakuja lini. Nilipokataa kusema, wakaacha kuniuliza, wakawa wanatazama shamba la mama yangu. Mama wa mpima mvua akishika jembe, bonde zima linashika jembe. Jambo hilo lilinitisha kuliko Bwana Mkaguzi.

Baadaye nilihamishiwa Makambako, njia panda yenye upepo wa kung'oa kofia, kutunza kipima upepo: vikombe vinavyozunguka juu ya mlingoti. Mwaka mmoja mvua za kwanza zikaja mapema, kwa kishindo. Kila mtu alifurahi isipokuwa Bwana Mkaguzi, aliyefika kutoka Dar es Salaam amekunja uso. Meli zilikuwa zimepima joto la bahari, naye hakulipenda.

"Bahari inatuhusu nini sisi wa milimani, Bwana?"

"Mawingu yenu unadhani yanatoka wapi? Bahari ni ndoo ya maji ya kuoga. Juu moto, chini baridi. Upepo ukisukuma maji ya moto upande mmoja, ya baridi hupanda upande wa pili, na mvua huyafuata yale ya moto. Tena kuna maji mazito, ya baridi na chumvi nyingi, yanayozama mbali huko na kutembea chini polepole. Yanayoibuka leo huenda yalizama kabla babu yako hajazaliwa."

"Nani anayafanya hivyo?"

"Hakuna. Upepo unaisukuma bahari, bahari nayo inaugeuza upepo. Vinavutana hivyo miaka na miaka."

"Na mvua hii?"

"Inaweza kuendelea. Inaweza kukatika kesho."

"Nimwambie nini mama yangu?"

Alivitazama vile vikombe vikizunguka. "Mwambie hatujui. Huo si utabiri."

Jumamosi nilidandia lori hadi nyumbani. Mama alikuwa jikoni, chini ya kichanja ambapo mahindi ya mbegu yalining'inia juu ya moshi yasiliwe na wadudu.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu. Nipande?"

"Mama, hatujui."

"Hamjui! Na ile chupa ya serikali ni ya nini?"

Nikamweleza habari ya ndoo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akashusha nusu ya mbegu. "Basi hizi ziende udongoni, zile zibaki kwenye moshi. Asiyejua haweki vyote mahali pamoja."

Mchana uleule alikuwa shambani. Nikamkimbilia jirani yetu, Baba Neema, nikamsihi asipande zote, maana hatujui. Akacheka. "Unatuficha, kijana! Mama yako si yule pale anapanda?"

Walipanda zote, bonde zima. Mvua ikakatika. Kule Makambako nilikuwa nasoma bilauri kavu kila asubuhi, nikijua miche inanyauka na akiba hakuna.

Mvua iliporudi, kulikuwa bado na nafasi ya kupanda, kwa mwenye mbegu. Nilifika nyumbani nikakuta watu wamepanga mstari mlangoni kwa mama na vikapu vyao. Alikuwa akiwagawia kwa kiganja. Baba Neema aliinua macho kwenye kichanja.

"Kumbe zilikuwa huku."

"Ninyi mlitazama shamba tu," mama alisema, akamjazia kiganja chake kama wenzake.

Mwaka ule mahindi yalikuwa haba kwa wote, hata kwetu. Viazi vya vinyungu, zile bustani zetu za bondeni, ndivyo vilivyotuvusha.

Nimestaafu zamani. Vijana wa leo wana mitambo inayoitazama bahari kutoka angani, na bado husema "huenda". Nawaheshimu kwa neno hilo. Mimi mvua ya kwanza bado hunitia hofu, na majirani bado huchungulia shamba langu. Kwa hiyo kabla sijashika jembe, naufungua mlango wa jikoni mpaka mwisho, kichanja cha mbegu kionekane, nawaita: "Karibuni. Anzeni kutazama huku juu."